Udongo wa Pilipili

Nimeuza udongo sokoni Voi kwa miaka ishirini na tisa, na mpaka leo sina kiwanja. Watu hunicheka kwa hilo, nami hucheka nao.

Si udongo wa kujengea. Ni ule wa kula, wa wanawake wenye mimba. Mwanangu Waleed hunichimbia kwenye kichuguu kimoja upande wa Ndara. Mimi nautwanga, naupepeta, naukanda kwa maji na chumvi kidogo, nakata vipande kama kashata, naanika juani, kisha naufukiza moshi wa makumbi ya nazi. Ukivunja kipande ukanusa, utasema mvua ya kwanza imegusa vumbi. Mwanamke mwenye mimba akiisikia harufu hiyo husahau hata jina la mumewe, na kwa wengine hiyo ni nafuu.

Jirani yangu pale sokoni ni Nthambi. Yeye alikuja Voi akimfuata mume wa reli. Mume akaendelea na reli, Nthambi akabaki na mboga. Anauza kunde, mchicha na ndimu. Nikienda kuswali adhuhuri, yeye huniangalizia sinia. Jumapili akienda kanisani, mimi humwangalizia kunde. Hivyo Mungu hakosi wa kumwabudu, na soko halikosi mlinzi.

Sasa nije kwa mjukuu wangu Jannat, maana habari hii ni yake. Mamake yuko Mombasa, yeye anakaa nami mtaa wa Mwakingali, na mumewe Abdulbasit ni utingo wa lori la Taveta. Kwa ada yetu bibi na mjukuu ni wake wenza, kwa hivyo Abdulbasit namwita mume wetu, na akileta nyama nauliza zamu yangu ni lini. Jannat aliposhika mimba nilimwambia, “Umenitangulia, mke mwenzangu, lakini nakuja nyuma yako.” Akacheka mpaka akatapika. Miezi ile ya mwanzo alitapikia kila kitu, hata salamu.

Mimba ilipofika miezi mitano nikampeleka kliniki. Nesi alikuwa binti mmoja anaitwa Mutheu, mdogo wa umbo, macho kama ya kunguru, hayapitwi na kitu. Akamchoma Jannat kidole, akaitia damu kwenye kimashine chake, akakunja uso.

“Nane pointi mbili,” akasema. “Inatakiwa kumi na moja. Mama, unakula udongo? Mawe, mchanga, kitu kama hiyo?”

Jannat akatazama dari. Mimi nami nikatazama dari. Palikuwa na mjusi kule juu, tukamsoma sote wawili kama msahafu.

“Nyanya, wewe unajua anakula?”

“Miye macho yangu hayaoni vitu vya karibu,” nikamwambia.

“Na hao wenye kuuza, sijui wanafikiria nini.”

“Hawana huruma,” nikasema. “Watu wengine, wallahi, kaburi litawabana.”

Nikaona vumbi la biashara yangu limekaa kwenye kucha, nikaiingiza mikono ndani ya buibui.

Mutheu akavuta kiti karibu na Jannat. Hakumgombeza. Afadhali angegombeza, maana kwa kugombezwa mimi nina ngozi ngumu. Alisema polepole.

“Sikiza. Mtoto akiwa tumboni anajenga ubongo. Ubongo unataka madini ya chuma, na hiyo chuma hana duka lingine ya kuitoa isipokuwa wewe. Kama huna, anajenga na ile kidogo iko. Atazaliwa, utamwona mzuri tu, analia, ananyonya. Mambo inaonekana baadaye. Kuna watoto wamefuatiliwa mpaka wakaingia shule, wakapimwa maneno, hesabu, kukumbuka. Wale mama zao walikosa chuma, wengine wanakuwa wazito kushika. Si wote. Lakini kwa nini ubahatishe na kichwa ya mtu?”

“Na udongo?” Jannat akauliza, kwa sauti ndogo.

“Udongo inashika ile chuma kwa tumbo, inatoka nayo. Unakula liver, udongo inaiba. Unameza dawa, udongo inaiba.”

Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Chuma kimepita Voi tangu enzi za mkoloni, reli ya kale na reli mpya, mchana kutwa tunatikiswa na mabehewa, na mjukuu wangu ati amekosa chuma. Nilikuwa nacho mdomoni, kikakataa kutoka.

Akampa vidonge vya damu, akamwambia ameze na maji ya ndimu, si na chai, maana chai nayo ni mwizi. “Mwezi ujao nakupima tena,” akasema. “Ikikataa kupanda, nitakutuma hospitali kubwa uwekewe kwa mshipa.”

Njia nzima Jannat alikuwa akipiga soga. Mimi nilikuwa nikimwaza Waleed.

Waleed ni kitinda mimba wangu. Nilimbeba mwaka ule wa njaa, themanini na nne, tulipokula unga wa manjano wa msaada. Chakula kilikuwa kidogo na udongo ulikuwa bure, basi nikala udongo. Nusu ya kichuguu, nikisema kweli. Kwa huo ndio nikajua upi ni mtamu, na baadaye ukawa kazi yangu.

Akazaliwa mzuri, analia, ananyonya, kama alivyosema Mutheu. Shuleni darasa la tatu alilikaa miaka mitatu. Herufi zilimpita kama matone kwenye jani la myugwa. Kulikuwa na mwalimu mmoja aliyeamini kwamba kisichoingia kwa sikio huingia kwa mgongo, na mtoto alirudi nyumbani amechorwa mistari kama daftari, na daftari lenyewe tupu.

Leo ana miaka arobaini na kidogo. Anaosha malori pale barabara kuu. Lori likiwa bado halijaonekana, yeye kwa mlio tu atakwambia ni la nani, limebeba nini, na gia gani inaumwa. Na hasemi uongo. Si kwamba amejikataza, hajui tu unavyofanywa. Ukimuuliza kama nguo imekupendeza, uwe tayari kuibadilisha.

Waleed sitambadilisha na mtu. Lakini zile fimbo, ningezibadilisha.

Jioni ile nikamkalisha Jannat kitako. “Udongo basi,” nikamwambia. “Kuanzia leo kwangu hupati hata vumbi.”

“Bibi, na wewe ndiye unayeuza?”

“Mwenye bucha hali mzoga. Basi, nimesema.”

Akanikubalia haraka mno. Mtu anayekubali haraka, mtazame mikono.

Siku ya nne naondoa uvundo chumbani nitie udi, kufungua kopo la ubani, nakuta vidonge vya damu vyote vimelala humo, vinanukia vizuri. Nikamwita.

“Vinanifanya choo cheusi, Bibi. Na Mama Nthambi anasema vinamfanya mtoto awe mkubwa akwame.”

“Mama Nthambi amezaa watoto sita bila kidonge, na wa mwisho alikwama mpaka wakaitwa majirani. Meza.”

Akameza, kwa chai. Nikampokonya kikombe nikaleta ndimu. Hapo ndipo nilipojua vita ni virefu, maana hata mimi mwenyewe mkono ulikuwa umemimina ile chai bila kuniuliza.

Na udongo alikuwa bado anakula. Ulimi ulikuwa unamshitaki, mweupe kama kitambaa cha mezani. Nikajiuliza, anaupata wapi? Wauzaji wengine Voi udongo wao ni wa mtoni, una changarawe, na Jannat ni mchaguzi. Nikalichunguza sinia langu. Asubuhi lilikuwa sawa. Nikirudi kuswali adhuhuri, limeliwa kona.

“Nthambi,” nikamwambia, “adhuhuri huja nani hapa?”

Nthambi akapanga kunde ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

“Huja wateja.”

“Wateja wangapi wana mimba na shungi la zambarau?”

“Mama Waleed, mimi nimeachiwa biashara niuze. Sikuachiwa niulize watu dini.”

Kumbe mjukuu wangu alikuwa akimsikia mwadhini, anajua bibi yake anakwenda kwa Mola, naye anakuja kwa Nthambi. Mwadhini anaita watu kwenye swala, kwa Jannat alikuwa akiitia udongo.

Ningeweza kugomba. Lakini kumkataza mwenye mimba kitu ni kumwonyesha njia ya kukipata. Nikakumbuka sisi huwaachishaje watoto ziwa. Mama hujipaka kitu kichungu au kikali, mtoto akija mbio na mdomo wake wazi, anakutana na dunia. Mara mbili, mara tatu, ameacha mwenyewe bila ugomvi. Watu wengi hutumia shubiri. Lakini shubiri mwenye mimba hapewi, inasokota tumbo. Nikasema basi ni pilipili. Nikatwanga pilipili kali, zile ndogo zinazotazama juu, nikazikanda na udongo fungu zima. Wakati wa kutwanga mimi mwenyewe nililia kama niliyefiwa.

Adhuhuri nikaliacha lile fungu juu ya sinia, nikaenda kuswali. Mungu anisamehe, ile swala sikuwa ndani yake. Nilikuwa nikisikiliza kama kuna mtu atakayepiga kelele sokoni.

Narudi, nakuta sinia tupu.

“Wamekasirika?” nikamuuliza Nthambi.

“Nani akasirike? Jannat amekula mbili hapa hapa akisimama, amelia machozi, amechukua kumi. Akaita mwenzake, yule Koki wa saluni, mimba ya miezi sita. Koki naye akaita wengine. Wanasema hawajawahi kula kitu tamu namna hii. Wanauliza kesho utaleta saa ngapi.”

Nikaketi juu ya gunia.

Wiki ile wanawake wenye mimba walinijia kutoka kila pembe. Walikuja wa Birikani, wakaja wa Kaloleni, akashuka mmoja na matatu ya Wundanyi, na baridi ya kule kwao mwilini, anataka udongo wa pilipili. Hata waliokuwa na kichefuchefu cha udongo wa kawaida, wa pilipili waliuweza. Mchana walikaa mbele ya sinia langu matumbo mbele kama kikao cha ngoma, wanalia machozi na kulamba vidole. Nikiacha kuweka pilipili wanarudisha. Nilikuwa nimetafuta dawa ya kumwachisha mmoja, nikazalisha mtaa mzima.

Na kweli, nisifiche: nilifurahi kidogo. Mtu akitamba na mkono wake, hata kwa jambo la aibu, moyo hucheka pembeni.

Mwezi ukafika, tukarudi kliniki. Mutheu akachoma kidole, akasoma kimashine.

“Saba pointi tisa,” akasema. “Imeshuka. Mama, midomo yako mbona nyekundu?”

“Pilipili,” Jannat akasema.

“Ya nini?”

Jannat akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

“Wewe ni wa tano wiki hii,” Mutheu akasema, na alikuwa ananitazama mimi, si Jannat. “Wote wanalia machozi, wote damu iko chini, wote wanasema kuna udongo ya pilipili huko sokoni. Hapana, usiniambie. Mwezi ujao ikiwa chini ya tisa unaenda kulazwa. Na mtoto hangoji, anajenga sasa. Hatuna siku ya kupoteza.”

Safari hii dari halikuwa na mjusi.

Kesho yake asubuhi, nimeinama nafunga mzigo wa mtu kwenye gazeti, nasikia sauti juu yangu. “Nipatie ya pilipili.”

Nikainua uso. Mutheu, amevaa kitenge, hana nguo za kazi. Akachukua kipande kutoka mkononi mwangu, akanusa, akapiga chafya mara tatu.

“Kaburi litawabana, sivyo, nyanya?”

“Litanibana,” nikasema. “Lakini ile pilipili niliitia kwa nia njema.”

Nikamweleza yote, toka kopo la ubani mpaka swala ya adhuhuri. Akataka kubaki na hasira, midomo ikamsaliti. Alikaa juu ya kreti la Nthambi akacheka mpaka akajishika mbavu. Nthambi naye akacheka, bila kujua anachekea nini.

Alipotulia, nikamuuliza lile lililokuwa likinila.

“Nesi, nina mwanangu. Huyu si wa tumboni, ana miaka arobaini. Nilimbeba nikila udongo huu huu. Akawa mzito wa kushika. Ni mimi?”

Akageuza kile kipande mkononi.

“Ulimbeba mwaka gani?”

“Wa njaa. Wa unga wa manjano.”

“Nyanya, hiyo hakuna mtu anaweza kukwambia. Kuna njaa yenyewe. Kuna malaria, kuna vile alizaliwa, kuna chenye alikula akiwa mdogo, kuna mwalimu wa fimbo. Mtoto hajengwi na kitu moja.”

“Kwa hivyo si mimi.”

“Sijasema si wewe. Nimesema haijulikani.”

Nilimpenda kwa hilo. Mwingine angenidanganya kwa huruma, nami ningejua, na ningebaki peke yangu na jambo langu. Huyu alilishika upande mmoja nami upande mmoja.

“Ningekwambia uache kuuza,” akasema. “Lakini ukiacha wewe kesho atauza mwingine, na wao watamfuata. Hii hamu ndiyo shida.”

“Hamu niachie mimi,” nikamwambia. “Sikusoma, lakini nimewauzia wanawake miaka ishirini na tisa. Najua kinachowaingia, na najua kinachowatoka.”

Jumamosi nikatangaza. Udongo umekwisha, anayetaka fungu jipya, twende naye kwenye chimbo, achague kipande chake mwenyewe kikiwa kibichi. Wakajitokeza saba. Jannat alikuwa wa kwanza kupanda tuktuk, Koki wa saluni akabanana naye, na Nthambi akaacha mboga zake kwa jirani akaja, maana hakukubali kupitwa. Waleed alitangulia na baiskeli na jembe lake.

Kichuguu changu kinasimama peke yake, si mbali na barabara, kirefu kuliko mtu, chekundu kama tofali. Upande mmoja ni laini mno, umeng'aa kama meza ya mbao iliyopakwa vanishi. Wale wanawake wakakizunguka kama bibi harusi. Harufu ilikuwa inapanda, jua lilikuwa limeiamsha. Koki hakungoja jembe. Alimega pembeni kwa kucha akatia mdomoni, akafumba macho.

“Aki huyu aliyepiga msasa hapa ni fundi,” akasema, anapapasa ile sehemu laini. “Waleed, nani amefanya hii?”

Hicho ndicho nilichokuwa nakingoja. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikajishughulisha na kiatu.

“Ndovu,” Waleed akasema.

“Ndovu amefanya nini?”

“Anajikuna matako. Akitoka kuoga matope anakuja hapa. Yule mkubwa huanza kulia, kisha kushoto. Wale wadogo hujikuna hapa chini, ulipomega wewe.”

Koki akafumbua macho. Kutafuna kukasimama.

“Na hivi vyeupe?” akauliza mwingine, amekwisha kuokota kimoja. “Ni chokaa?”

“Ni mavi ya fisi. Anakula mifupa, kwa hivyo yakikauka huwa meupe.”

Kile cheupe kikaanguka chenyewe.

Jannat bado alikuwa anashikilia imani. “Lakini mjomba, udongo wa Bibi una ladha ya chumvi. Bibi huutia chumvi, sivyo?”

“Hutia,” Waleed akasema, kwa sababu ni kweli. Kisha akaongeza, kwa sababu nalo ni kweli, “Na ng'ombe wa Mulinge husimama hapa jioni wakikojoa. Wanapapenda. Hapo uliposimama ni pao.”

Jannat akatazama miguu yake. Akatazama kichuguu. Kisha akaenda nyuma ya kichaka, na kwa muda mrefu tulimsikia bila kumwona. Koki akamfuata. Mmoja akimfuata mwenzake, wa tatu hana budi, na kichaka kile kilikuwa na kazi. Nthambi, ambaye hakuwa na mimba tangu enzi za simu za kuzungusha, naye alikwenda, kwa heshima ya wenzake.

Jannat akarudi amekunja shungi mdomoni.

“Mjomba,” akasema, “unajua miezi yote hii nakula. Mbona hukuniambia?”

“Hukuniuliza.” Waleed akamtazama kwa mshangao wa kweli. “Mimi nilidhani mnajua. Nyinyi mmesoma.”

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Tukarudi mjini tuktuk zikiwa kimya kama gari la maiti. Njiani Waleed alitupita na baiskeli, anapiga kengele, jembe begani, halijachimba kitu.

Ninyi nitawaambia jambo ambalo wao sikuwaambia. Waleed hachimbi kule nje. Huchimba katikati, mkono mzima ndani, mahali ambapo ndovu hajapaona na ng'ombe hajapafika, palipo safi kuliko majiko ya watu ninaowajua. Hilo sikulitaja. Nami hawakuniuliza.

Wiki iliyofuata hakuna aliyekuja. Sinia likakaa pale linakusanya vumbi la kweli. Habari ya matako ya ndovu ilifika Wundanyi kabla ya matatu ya kwanza. Nikaumwaga udongo uliobaki, nikaosha sinia, nikakaa nalo kama mjane na kitanda kikubwa.

Ila ile pilipili nilikuwa ninayo bado kopo zima. Siku moja, kwa uvivu tu, nikaikoroga na ukwaju, chumvi kidogo, nikafinyanga vidonge. Koki akapita mbali kabisa na sinia, ameshika pua. Upepo ukamgeuza shingo. Akarudi hatua moja, akarudi mbili.

“Hii nayo imetoka wapi?” akauliza, na macho yalikuwa yamemtafuta Waleed.

“Mtini,” nikamwambia. “Muulize yeyote.”

Mpaka jioni walikuwa wamerudi wote. Mutheu alipokuja kuona, nikamtaka anisomee hukumu. Akatia kimoja mdomoni, akalia, akasema kitu kichachu kinakisaidia kidonge cha damu kuingia mwilini, mradi nipunguze pilipili maana kiungulia chao anakitibu yeye. Nthambi naye akapata wateja wa kunde na ndimu, akaanza kuwaambia watu kwamba shauri lote lilikuwa lake. Kuhusu mtoto kuwa mkubwa akakwama, Mutheu alimwambia mbele ya watu kwamba kidonge hakimnenepeshi mtoto, na Nthambi akasema hata yeye alikuwa anawaambia hivyo hivyo siku zote.

Nyumbani chai ilipewa saa yake, mbali na chakula. Hilo, wallahi, liliniuma kuliko udongo. Abdulbasit akirudi safari alileta maini, nikauliza zamu yangu, nikaambiwa mwezi huu zamu zote ni za mke mdogo. Jannat alikula, akameza vidonge mbele yangu na kunionyesha ulimi, kama mwizi anayepekuliwa. Ulimi ulikuwa unarudi rangi yake.

Mwezi ulipotimia tukaenda. Mutheu akachoma kidole. Kile kimashine sijui kwa nini siku ile kilifikiri sana.

“Tisa pointi nane,” akasema.

Jannat akanishika mkono. Nilimwambia asinibane, nina mifupa ya mtu mzima. Kwa kweli ni mimi niliyekuwa nambana yeye.

Haijafika kumi na moja, Mutheu akasema, lakini inapanda, na hospitali kubwa hatumpeleki. Endeleeni. Tukaendelea, mpaka siku ya kujifungua damu ikawa kumi na nukta kadhaa, na akatoka mtoto wa kike, hakukwama popote. Tukampa jina Ruweida.

Sasa ana miezi mitano. Je, atakuwa na kichwa chepesi? Mutheu anasema tumsubiri, tumlishe, tuzungumze naye, na nani ajuaye mengine. Nimeshamwambia Jannat, akija kufeli hesabu asinitazame mimi, na akifaulu anitazame vizuri.

Kazi ya kuzungumza naye ameichukua Waleed. Akitoka kuosha malori, hunawa mpaka viwiko, humpakata kibarazani, chini ya dari, wanasikiliza barabara kuu. “Hili la saruji,” humwambia. “Hili tupu, sikia linavyoruka. Hili dereva ana usingizi.” Na mtoto hugeuza kichwa kila likija jingine, kabla mimi sijasikia kitu.

Juzi walikuwa hivyo, nami nachambua ukwaju, Jannat akatoka ndani amesimama mikono kiunoni.

“Bibi. Leo nimemuuliza mjomba udongo alikuwa anachimba upande gani. Ameniambia ndani, katikati, mahali pasafi.”

“Umemuuliza leo?”

“Leo.”

“Basi umechelewa. Mtoto keshazaliwa.”

Akanitazama sana. Nikajua anapigana na kicheko, nami nikangoja kishinde. Lakini yeye ni mjukuu wangu, hakuwa amemaliza.

“Na ndani ya sanduku lako la nguo, chini ya leso za harusi, kuna harufu kama ya mvua.”

“Ni uzee wangu huo unaonuka.”

“Hm.” Akamgeukia Waleed, taratibu, kwa sauti tamu. “Mjomba, wewe ndiye uliyembebea Bibi lile sanduku juzi. Mna nini mle?”

Miaka arobaini mtu huyu hajawahi kusema uongo hata mmoja.

Waleed akamweka mtoto vizuri mapajani. Akanitazama mimi, akamtazama Jannat. Kisha, polepole, akainua uso akatazama dari.